Coton de Tuléar: namna ya kumchana na kumwosha

Jina la mbwa huyu, Coton de Tuléar, maana yake ni pamba ya Tuléar, mji wa bandari kusini-magharibi mwa Madagaska ambao leo huitwa Toliara. Ni wa ukoo wa bichon, yaani mbwa wadogo wenye manyoya laini, ndugu wa mbwa aitwaye Maltese, na shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, lilimtambua mwaka 1970. Dume huwa na kilo 4 hadi 6, jike 3.5 hadi 5. Ni mbwa mchangamfu wa kukaa na watu. Akiachwa peke yake kutwa huhuzunika.

Manyoya yaliyompa jina ndiyo yenye kazi. Hayapukutiki sana sakafuni: yaliyokufa hunasa ndani ya yaliyo hai, yakajisokota. Basi mchane angalau kila baada ya siku moja. Yanyunyizie maji kidogo kwanza, kwa kuwa makavu hukatika. Mlaze ubavu, gawa manyoya kwa mstari mpaka uione ngozi, chana safu hiyo kwa brashi ya pini, kisha uhamie safu inayofuata. Malizia kwa chanuo la chuma. Linapokwama pana fundo. Wengi hukosea kwa kupiga brashi juujuu: mbwa anapendeza machoni, kumbe chini manyoya yameshikana kama mkeka na yanamvuta ngozi. Usisahau nyuma ya masikio, makwapa, kinena na chini ya mkanda wa shingo.

Fundo lishike upande wa ngozi ili asiumie, tia wanga wa mahindi kidogo, lifumue kwa vidole kuanzia nchani. Likikataa, likate, lakini pitisha chanuo kwanza kati ya mkasi na ngozi.

Kuosha huja baada ya kuchana, wala si kabla, maana maji hulikaza fundo. Tumia maji ya uvuguvugu na shampuu ya mbwa. Ya watu hukausha ngozi yake. Suuza mpaka utelezi uishe, kwani mabaki huwasha. Minya maji kwa taulo bila kusugua, halafu mkaushe kwa mashine yenye joto dogo huku ukichana.

Mtoto wa mbwa huyu anapokaribia mwaka hubadili manyoya, na mafundo huweza kuzuka kwa siku moja tu. Kipindi hicho mchane kila siku. Ukiona huwezi, mpunguze manyoya yabaki sentimita 3 hivi. Ni afadhali kuliko kumwacha aumie.