Kifundo cha mguu kimevunjika: kuanzia plasta hadi kukanyaga tena

Mtu akiteleza na kifundo kikavimba, mwambie ajaribu hatua nne tu. Akishindwa, au akiumia mfupa ukibonyezwa nyuma ya nundu ya pembeni, ya ndani au ya nje, apelekwe kupigwa picha. Usimchue wala usimkande kwa maji ya moto, ingawa ndiyo desturi ya wengi: joto huongeza uvimbe, na mikono huweza kusogeza mfupa uliokuwa bado umekaa mahali pake.

Siku 3 za kwanza za plasta ndizo nzito. P.O.P., yaani plasta ya unga wa jasi, huonekana kavu juu mapema, lakini ndani huchukua siku 2 hadi 3. Ukikiegemeza kisigino kwenye kitu kigumu hubonyea, na pale ilipobonyea ngozi hufanya kidonda usichokiona. Lala chali, mguu juu ya mito, uwe juu kuliko moyo. Kuuweka kwenye stuli huku umeketi hakutoshi. Chezesha vidole kila saa.

Maumivu yakizidi ingawa umemeza dawa, vidole vikafa ganzi, vikawa baridi au kubadilika rangi, au kuvinyoosha tu kukakutoa machozi, nenda hospitali hata usiku wa manane. Plasta inabana, na misuli huweza kufa ndani ya saa chache. Vivyo hivyo shavu la mguu likiuma na kuvimba, au pumzi ikikatika: huenda damu imeganda. Ukiwashwa, usichokonoe kwa spoku.

Magongo yaache nafasi ya vidole 2 au 3 chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja; kulalia kwapa hubana neva na mkono ukalegea. Kupanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Kushuka, magongo na mguu mbovu.

Uvimbe ukishuka plasta hulegea, na mfupa huweza kuhama bila wewe kujua. Kwa hiyo usikose picha ya marudio. Mfupa huunga kwa wiki 6 hivi. Mvutaji sigara na mwenye kisukari huchelewa. Usikanyage kabla daktari hajaruhusu.

Plasta ikitolewa, kifundo huwa kigumu. Kaa umenyoosha mguu, pitisha kanga chini ya unyayo, ivute taratibu ukihesabu hadi 30. Rudia mara 3, asubuhi na jioni. Baadaye simama kwa ncha za vidole umeshika meza. Uvimbe wa jioni huweza kuendelea kwa miezi kadhaa. Ukishuka unapolala, usikutishe.