Bwana harusi Mchagga, bibi harusi Mzaramo: mila zipi mbaki nazo

Ukiwa kwenye kamati ya harusi ya makabila mawili usianze na ukumbi wala rangi ya sare, anza kwa kuwauliza wazee wa pande zote kila mila ilikuwa na kazi gani, maana ugomvi unaanzia pale upande mmoja unaona kitu ni mbwembwe tu kumbe kwa wenzao ndo ndoa yenyewe.

Posa sa hivi vijana wanamalizana kwenye simu, wazazi wanapewa taarifa. Tafuteni mshenga jamani, mtu mzima anayejua kuongea, maneno yakiharibika lawama zinaishia kwake. Kwenye mahari ya Kichagga kuna mbuzi wa mjomba, mbege (pombe ya ndizi), blanketi la bibi, na vingi vinageuzwa hela, sawa, ila ulizeni kipi lazima kije chenyewe. Mi blanketi la bibi ningelipeleka kama blanketi.

Sasa unyago. Kwa Wazaramo mwali akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani, kungwi anamfunda kwa nyimbo na ngoma, usafi, unyumba, namna ya kuishi na watu, na hayo yalikuwa hayatoki nje. Leo tuna kichen pati, ukumbi umejaa, MC na spika kubwa, mwali anafundwa kwenye maiki mpaka mlinzi wa getini anasikia, yaani hapo hafundwi mtu, zinatolewa sufuria tu (na sufuria nazo zinahitajika, sikatai). Mkitaka vyote, somo wake, yaani kungwi wake, akae naye nyumbani siku chache kabla, na wanawake wachache tu, asirekodi mtu, halafu kichen pati ibaki kuwa sherehe. Na mwali mwenyewe aulizwe anataka kufundwa nini, mtu ana miaka 30 na kazi yake mnamfundisha kuosha vyombo?

Kama huyu Mkristo huyu Muislamu na hakuna anayebadili dini, bomani panawahusu, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa siku 21 kabla, kwahiyo msisubiri kadi zichapwe.

Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa Kichagga, iacheni iingie na ngoma zake, majani mdomoni, hata keki ikiwepo. Ila mbuzi achinjwe na Muislamu, mpishi aambiwe mapema asitie pombe kwenye viungo, na mbege mkainywee Moshi siku mkienda kumtambulisha bibi harusi.