Beringi ya IMS: fungua kwanza, agiza baadaye

Mwenye Porsche Boxster toleo la 986 au 911 toleo la 996, usiagize beringi ya IMS, yaani ya shafti ya kati ndani ya injini, kwa kutazama mwaka kwenye kadi ya gari. Injini za mwanzo zina beringi ya safu mbili za gololi. Baadaye, kuanzia karibu mwaka 2000, ikaja ya safu moja, ambayo ndiyo dhaifu zaidi. Miaka ya mpito imechanganyika, na injini ikiwa imewahi kubadilishwa, mwaka wa gari haukuambii kitu. Shusha gia boksi na klachi, utazame kifuniko cha beringi chenyewe. Ukikuta nati kubwa ya 22 mm katikati, hiyo ni beringi kubwa ya miaka ya mwisho: haitoki bila kufungua injini yote, kwa hiyo wengi huondoa sili yake ya nje tu ili oili ya injini iifikie.

Kabla ya yote hayo, kata filta ya oili na ukunjue karatasi yake. Ukiona chembe za chuma zinazong'aa, simama hapo. Beringi mpya haitaokoa injini ambayo vumbi la chuma limeshazunguka ndani yake.

Kama filta ni safi, mimi ningechukua yenye gololi za seramiki. Bei inauma, kweli. Ila gharama kubwa ni kushusha gia boksi, basi badilisha na sili ya nyuma ya krankshafti, na klachi kama imechoka.

Wenye 996 Turbo na GT3, injini yenu ni nyingine, haya hayawahusu.