Doa katikati ya jicho: namna ya kuuzoesha ubongo kuona kwa pembeni

Hii ni ya wale ambao katikati ya jicho pameharibika, iwe ni makula (kile kisehemu cha katikati nyuma ya jicho kinachoona vitu vidogo) imechoka kwa uzee, iwe ni kovu lililoachwa na kijidudu kinaitwa toksoplasma au ni Stargardt, ugonjwa wa kurithi ambao unawakuta hata watoto wa shule. Pembeni unaona fresh tu, unatembea barabarani humpigi mtu kikumbo, ila sura za watu huzitambui na meseji husomi. Kama uoni umepotea ghafla leo au jana achana na hii post, nenda hospitali sasa hivi, mazoezi yatakusubiri.

Kwanza ujue ubongo wako unakuficha. Watu wanategemea kuona shimo jeusi, wengi hawalioni kabisa, wanaona ukungu tu au maneno yenye herufi pungufu, manake pale pasipo na taarifa ubongo unachukua rangi na mistari ya jirani unajazia. Hata mwenye macho mazima analo doa kama hilo, pale neva ya jicho inapotokea kwenda kwenye ubongo, na Edme Mariotte wa Ufaransa alishalionyesha tangu miaka ya 1660. Jaribu: chora msalaba kwenye karatasi, sm 8 kulia kwake weka kidoti, funika jicho la kushoto, kodolea msalaba kwa jicho la kulia ukiwa umbali wa sm 30 hivi, afu sogeza karatasi mbele na nyuma taratibu. Kuna mahali kidoti kitapotea na utaona weupe wa karatasi tu. Kwaiyo macho yako uwe unayapima moja moja, sababu ukifungua yote mawili lile zima linalibeba bovu na wewe unajiona uko sawa.

Sasa kazi yenyewe. Ile sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayosoma na kutambua sura ina upana wa mm 1.5 hivi, lakini kule kisogoni kwenye ubongo imepewa eneo kubwa mno kuliko saizi yake. Ikifa, ubongo hauwezi kuitengeneza upya, unachofanya ni kuchagua kipande cha pembeni ya kovu na kuanza kukitumia kama katikati mpya, taratibu, wiki hadi miezi, na wengi inawatokea bila kufundishwa na mtu. Shida ni kwamba mara nyingine unachagua vibaya, ndo maana bora uuongoze mwenyewe.

Chora saa kubwa kwenye karatasi, namba 1 mpaka 12, katikati weka nyota. Tumia jicho lenye nafuu, lingine funika, na kama una miwani ivae. Ukiangalia nyota moja kwa moja inafifia. Haya, peleka jicho kwenye 12, nyota ikoje? Nenda 1, nenda 2, zunguka saa nzima bila haraka, kichwa kisitembee. Ile namba ambayo ukiikodolea nyota inakuwa safi kuliko kwingine ndo mwelekeo wako. Ushauri wangu, kama 12 au 6 inakaribiana na hiyo ya ubavuni, chukua 12 au 6 hata kama haing'ai sana, sababu ukizoea kuangalia kulia doa linakaa juu ya neno linalofuata na kusoma kunakuwa mateso, ila ukiangalia juu kidogo ya mstari, mstari wote unabaki wazi chini ya doa.

Ukishaupata, fanya kila siku, dakika chache chache, macho yakichoka acha. Anza na herufi moja kubwa, afu maneno mafupi, afu sentensi. Jicho litulie pale juu, karatasi ndo iwe inasogea kwenda kushoto, usilikimbize jicho. TV angalia ukingo wake wa juu picha itajitokeza. Mtu ukiongea nae angalia juu ya nywele zake, na waambie kabisa watu wa nyumbani na majirani, maana mtaani utaitwa mwenye maringa hujibu shikamoo kumbe hujamuona mtoto wa watu.

Usitegemee herufi ndogo zirudi, pembeni ya retina haina uwezo huo hata ufanye mazoezi mwaka mzima, kwaiyo kuza maandishi ya simu, tafuta kioo cha kukuzia, taa itokee nyuma ya bega, ugali usiuweke kwenye sahani nyeupe. Hospitali kubwa za macho kama CCBRT ya Dar, KCMC ya Moshi au Kikuyu kule Kenya, ulizia huduma ya uoni hafifu. Na mistari iliyonyooka ikianza kupinda, fremu ya mlango inaonekana ina mawimbi, rudi kwa daktari haraka.

La mwisho ambalo watu wanalificha: ubongo ukikosa taarifa unaweza kujitungia picha, ukaona maua ukutani, watu wadogo wamevaa vizuri, wanyama, wote kimya. Charles Bonnet wa Geneva aliyaandika hayo 1760, akimuelezea babu yake ambae macho yalikuwa yameharibika na akili timamu. Sio majini wala uchizi, usikimbilie kwa mganga. Washa taa, peleka macho kushoto kulia mara kadhaa, wakati mwingine zinaondoka. Ila zikianza kukusemesha, au zimekuja pamoja na kuchanganyikiwa, hiyo ni habari nyingine, muone daktari.