Jinsi ya kulinganisha sera za kuwapokea wahamiaji bila kudanganywa na alama

Usianze na swali la nchi gani inawajali wahamiaji kuliko nyingine, hilo mtabishana mpaka kesho. Anza na mtu. Chukua mtu wa kufikirika, tuseme nesi wa miaka 30 aliyeingia kwa kibali cha kazi, mume na watoto wawili kawaacha nyumbani, halafu mpitishe kwenye sheria za kila nchi toka siku anashuka airport mpaka siku anashika pasipoti mpya. Ukimchanganya nesi na mkimbizi na mwanafunzi kwenye jedwali moja umeshaharibu, maana nchi ileile inaweza kumkaribisha mmoja na kumbania mwingine.

Maswali ya kumpitishia yapo tayari, huna haja ya kuyabuni. Kuna MIPEX, kipimo cha kimataifa cha sera za kuwapokea wahamiaji, ambacho toleo lake la 2020 liliangalia nchi 56 kwa mambo 8: kazi, kuleta familia, elimu, afya, kushiriki siasa, ukaazi wa kudumu, uraia na ulinzi dhidi ya ubaguzi. Hayo 8 yaweke kwenye jedwali lako. Zile alama za jumla ambazo MIPEX inaipa kila nchi kati ya 100, Sweden 86, Kanada 80, Ujerumani 58, Denmark 49, ziache pembeni kwanza, kwa sababu zinapima sera, hazipimi kama nesi kapata kazi kweli. Hiyo Sweden ya kwanza ina pengo kubwa la ajira kati ya wazawa na waliozaliwa nje, na sio la jana. Mambo ya ajira na kipato kayatafute kwenye takwimu za OECD, shirika la nchi nyingi zilizoendelea, uyaweke safu yake peke yake, na usikimbilie kusema sera fulani ndio imeleta matokeo fulani, maana Kanada wengi inawachuja kwa pointi za umri, elimu na lugha kabla hata hawajafika, Sweden imepokea wakimbizi wengi, sasa hapo hata sheria zingefanana neno kwa neno matokeo yasingefanana.

Panapowachanganya watu zaidi ni miaka ya uraia. Ukiandika Kanada 3, Ujerumani 5, Uswisi 10, hujakosea, ila hujalinganisha kitu bado. Kanada ni siku 1,095 za kuwepo nchini wewe mwenyewe ndani ya miaka 5 kabla ya kuomba, na lazima uwe umeshapata ukaazi wa kudumu, siku za kabla ya hapo zinahesabiwa nusu nusu na hazivuki 365. Nesi akienda kusalimia kwao mwezi mzima, huo mwezi haumo. Ujerumani miaka 5 imekuja na mageuzi ya Juni 2024, zamani ilikuwa 8, na safari fupi ya kwenda kusalimia haikatishi hesabu. Uswisi sasa ndio kazi, miaka ambayo mtoto ameishi pale akiwa na umri wa 8 mpaka 18 inahesabiwa mara mbili, halafu kila kantoni, yaani jimbo, ina masharti yake ya muda wa kukaa humo, kwa hiyo nesi akihamia kantoni nyingine anaweza kujikuta anasubiri upya. Kwa hiyo kila unapoona miaka uliza inaanza kuhesabiwa lini, nini kinaisimamisha, na kabla ya kuomba unatakiwa ushike kibali gani.

Masharti ya lugha na mitihani ya uraia pita haraka, andika tu kiwango, nani anafundisha na nani analipa. Ila haki ya kupiga kura usiiruke, watu wengi wanaisahau: New Zealand mkaazi wa kudumu anapiga kura ya bunge baada ya mwaka 1, Sweden baada ya miaka 3 anapiga ya serikali za mitaa, Kanada na alama zake 80 hapigi mpaka awe raia.

Kama mtu wako ni mkimbizi, jedwali linageuka kabisa na hapo usiishie Ulaya. Uganda kwa sheria ya 2006 mkimbizi anafanya kazi na anatembea anapotaka, lakini uraia kuupata ni mtihani. Tanzania inataka wakimbizi wakae kambini, na hiyohiyo Tanzania imewapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa wale Warundi waliokimbia 1972. Ipi inapokea vizuri? Inategemea umeuliza safu gani, mimi mtu akinitajia nchi moja tu kama jibu najua hajafika huko.

Halafu kila kisanduku kiandikie tarehe ya sheria uliyosoma. Ile ya Ujerumani ya 2024 ilikuwa na njia ya mkato ya miaka 3 kwa waliofanya vizuri sana, ikafutwa Oktoba 2025, na bado utakuta makala kibao zinaitaja kama ipo.