Wiki nane za fildi ya taka mtaani: mizani kwanza

Mwanafunzi wa fildi (mafunzo ya vitendo ya chuo) anayekabidhiwa ufagio na fulana siku ya kwanza atasafisha ufukwe, atapiga picha, na bamvua ijayo itarudisha uchafu uleule. Wiki nane zinatosha kwa kazi nzito zaidi ya hiyo: kujua mtaa mmoja unatoa taka zipi na kwa kiasi gani, kisha kupunguza fungu moja tu. Maelezo haya yanafaa kundi la wanafunzi sita katika mtaa wa pwani, tuseme Kunduchi, Msasani au Kigamboni.

Barua ya chuo huanzia manispaa, ikashuka kwa mtendaji wa kata hadi serikali ya mtaa. Mwombeni mwenyekiti awape mjumbe wa kuzunguka nanyi siku ya kwanza. Bila yeye mtadhaniwa mnasaka wasiolipa ada ya taka, na milango itafungwa.

Chagueni majiko 30, siyo nyumba 30. Nyumba moja ya wapangaji inaweza kuwa na majiko matano au sita, kila moja na pipa lake. Kila jiko lipewe namba, na kila siku ulizeni wangapi wamekula hapo. Kukiwa na msiba au shughuli, siku hiyo iwekewe alama.

Vifaa: mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, turubai la mita 3 kwa 4, ndoo za lita 20, viroba viwili kwa kila jiko, glovu nene, gambuti, barakoa, sabuni, daftari na penseli (wino hutoka ukilowa). Wekeni pia chupa ngumu yenye kifuniko kwa ajili ya sindano na nyembe. Asiyekuwa na chanjo ya pepopunda asiguse taka. Kila asubuhi ijaribuni mizani kwa lita 10 za maji ya bomba: ukitoa uzito wa ndoo, isome kilo 10.

Upimaji huchukua siku nane. Taka za siku ya kwanza hazihesabiwi, kwa sababu zimechanganyika na za jana na juzi. Zinazobaki ni siku saba kamili, Jumapili ikiwemo, maana mapishi yake si ya Jumanne. Hesabu ni rahisi: jiko la watu 5 lililotoa kilo 17.5 kwa siku 7 lina nusu kilo kwa mtu kwa siku.

Mharibifu mkubwa wa hesabu hizi ni mchanga. Ufagio wa chelewa ukipita uani asubuhi, nusu ya kinachoingia kwenye kiroba inaweza kuwa mchanga, nanyi mkaandika kwamba watu wanatupa chakula kingi. Chekecheni kwa waya wenye matundu ya milimita 10, na kilichopita chini kipimwe peke yake. Kama fildi yenu ni ya Julai hadi Septemba, kumbukeni pia kwamba hicho ni kiangazi. Wakati wa masika taka hizohizo hulowa na kuwa nzito zaidi, hivyo msimpe mtu namba zenu kama za mwaka mzima.

Chambueni kivulini, kabla ya saa nne asubuhi: taka mbichi, makumbi na vifuu, chupa za plastiki, plastiki laini, karatasi, vyuma, vioo, nguo. Nepi na pedi zipimwe zikiwa zimefungwa. Jumla ya mafungu ikipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wa mwanzo, tafuteni sababu. Mara nyingi ni jua lililokausha, au kunguru. (Kunguru wa Dar hangoji mgeuke, huchukua utumbo wa samaki mkiwa mnaangalia.)

Fungu la kupunguza, kwa kawaida, ni taka mbichi, na dawa yake ni mboji. Lundo lianze wiki ya tatu, kwani mboji inataka wiki 8 hadi 12 na fildi itaisha kabla haijaiva. Lundo lenye ujazo wa mita moja kila upande ni ndoo 50: takribani 17 za taka mbichi na 33 za vitu vikavu kama majani na maranda ya seremala. Kusanyeni vikavu kwanza, kwa kuwa ndivyo huadimika katikati ya kazi. Lundo dogo kuliko hilo halishiki joto. Utumbo wa samaki usizidi ndoo mbili, uzikwe katikati na kufunikwa vizuri. Makumbi mazima ya nazi wekeni kando, hayaozi upesi.

Chomekeni nondo katikati kwa dakika kumi. Ikitoka huwezi kuishika, lundo linafanya kazi. Ikitoka baridi, kamueni konzi moja ya lundo: pasipodondoka hata tone, ongezeni maji, yakichuruzika, ongezeni maranda. Harufu kali ya mkojo maana yake taka mbichi zimezidi. Harufu ya yai viza ni kukosa hewa, geuzeni siku hiyohiyo. Vinginevyo geuzeni mara moja kwa wiki.

Chupa zina wanunuzi tayari, kwa hiyo msishindane na waokotaji, wapelekeeni. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20, hivyo kilo moja inataka chupa 50 hadi 100. Toeni maji na vifuniko, kisha zikanyageni ili guta libebe nyingi. Vifuniko ni plastiki ya aina nyingine: kipande chake huelea majini, cha chupa huzama.

Wiki ya saba mtafute atakayebaki na lundo, awe mama lishe au kikundi chenye bustani, na ageuze mwenyewe mara mbili mkiwa mnamtazama. Wiki ya nane pimeni tena majiko yaleyale kwa mizani ileile, na karatasi ya matokeo ibandikwe ofisi ya mtaa. Mizani, nondo na daftari vibaki na huyo aliyepokea lundo.