Kabla hujaenda kufungua maboksi ya rekodi za makanisa ya Bizanti, soma hii

Naandika hasa kwa ajili ya nyie wanafunzi wa historia na usanifu majengo mnaopata nafasi ya kwenda nje kusoma rekodi za wale waliopima na kupiga picha majengo ya Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki iliyotawaliwa kutoka Istanbul ya leo. Nimeona watu wanarudi simu imejaa mapicha na hawawezi kuandika hata ukurasa mmoja, inauma sana, kwa hiyo msiruke mistari.

Kwanza jua rekodi zako ziko wapi maana hazikai sehemu moja. Mmarekani Thomas Whittemore alianzisha Byzantine Institute mwaka 1930, mwaka uliofuata wakaanza kufunua mozaiki (picha za vijiwe vya rangi ukutani) za Ayasofya, lile kanisa kuu la Bizanti pale Istanbul, alipofariki 1950 kazi ikaendelea na Paul Underwood hasa kwenye kanisa la Kariye, hukohuko Istanbul, na baadaye Dumbarton Oaks, kituo cha utafiti cha Washington, ikaibeba. Madaftari na picha nyingi ziko huko Washington lakini karatasi nyingine za Whittemore ziko Paris, Collège de France. Waingereza nao walikuwa na mfuko wao wa utafiti na michoro yake iko British School pale Athens, ambayo ni taasisi ya utafiti. Picha za msafiri Mwingereza Gertrude Bell za magofu ya makanisa ya Binbirkilise, Uturuki, ziko Newcastle, Uingereza, na unaziona mtandaoni bure ukiwa zako Morogoro, kwa hiyo usikate tiketi kabla hujamaliza vilivyoko mtandaoni. Na ukishajua unataka boksi gani andika barua pepe mapema, uombe nafasi, uombe na orodha ya vilivyomo.

Majina. Jengo moja lina majina mawili matatu na kila aliyeandika alitumia lake. Makanisa ya Istanbul mengi yaligeuzwa misikiti, na camii ni msikiti kwa Kituruki: Chora ndiyo Kariye, Pantokrator ndiyo Zeyrek Camii, Pammakaristos ni Fethiye Camii, Myrelaion ni Bodrum Camii. Ukitafuta kwa jina moja tu unakosa nusu ya vitu halafu unaandika eti hakuna rekodi. Kaa nyumbani, tengeneza jedwali lako la majina, libebe.

Tarehe pia angalia, Ugiriki ilikuwa kwenye kalenda ya zamani mpaka 1923, siku 13 nyuma ya hii yetu, barua na daftari zikipishana hivyo usikimbilie kusema mtu kadanganya.

Penseli, sio kalamu ya wino. Mikono misafi. Picha na negativu (kioo au filamu inayosafishiwa picha) usizishike kwenye uso wenye picha, ukipewa glavu vaa. Na usipange upya kitu chochote ndani ya boksi hata kama unaona kimekaa ovyo, ule mpangilio ndio unaokuambia picha ipi ilipigwa kabla ya ipi.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. PIGA PICHA PANDE ZOTE MBILI. Kila picha ya karatasi igeuze upige na nyuma. Rafiki yangu alikuwa anaandika tasnifu kuhusu kanisa dogo la mawe nyanda za juu za Anatolia, Uturuki, kanisa ambalo leo ni kifusi. Muda ulikuwa mfupi, msimamizi anamsukuma, akapiga harakaharaka upande wa mbele tu. Kwenye picha moja kulikuwa na chumba kidogo kimeshikizwa ukutani, ukiwa umeelekea mashariki kwenye madhabahu kiko mkono wa kulia, yaani kusini. Akajenga sura nzima juu ya hicho chumba, kwamba ni kaburi la mfadhili, na kwa nini liliwekwa kusini, hoja nzuri kabisa. Siku ya utetezi mtahini akatoa mchoro kutoka daftari la yule yule mpiga picha, chumba kiko kaskazini! Kumbe ile negativu ya kioo ilisafishwa ikiwa imegeuzwa, kulia imekuwa kushoto, na nyuma ya picha kuna mtu alishaandika kwa penseli kwamba imegeuka. Maneno machache tu na hayamo kwenye simu yake. Sura ikatolewa yote, akaongezewa mwaka wa kujilipia mwenyewe, na hakuna pa kwenda kuhakiki kwa sababu jengo lenyewe halipo tena.

Kwa hiyo usiiamini picha peke yake. Tafuta maandishi ya Kigiriki ukutani uone kama yanasomeka sawa. Angalia kivuli, na hapa sisi wa huku tuwe makini zaidi maana Dar jua la mchana Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini, tumezoea linahama, lakini Anatolia adhuhuri jua liko kusini mwaka mzima, ukuta unaoitwa wa kaskazini ukiwaka jua la saa sita ujue kuna kitu. Halafu linganisha na daftari. Daima daftari.

Na msione nakazania vitu vidogo. Mozaiki za Mtakatifu Demetrio pale Thessaloniki zilifunuliwa 1907, Walter George akazichora kwa rangi, moto wa 1917 ukaunguza kanisa na sehemu kubwa ya mozaiki hizo. Kwa vipande vingi kilichobaki ni karatasi. Ukiisoma vibaya karatasi umelipoteza jengo mara ya pili.

Vipimo navyo, usichukue vya kwenye mchoro uliochorwa upya kwa usafi ukaacha vya daftari. Robert Van Nice alianza kupima Ayasofya 1937 na sehemu ya mwisho ya michoro yake ikatoka 1986, miaka yote hiyo kwa sababu jengo limepinda kila mahali, kuba lilishaanguka 558 likajengwa upya, nguzo zimelala nje. Ukiona mchoro umenyooka sana jiulize nani kaunyoosha.

Mengine ni ya kawaida. Ruhusa ya kuchapisha picha iombe mapema na kwa maandishi, kuruhusiwa kupiga kwa simu sio kuruhusiwa kuchapisha. Beba sweta, vyumba vya kusomea vina baridi. Namba ya boksi na folda iwe kwenye kila picha unayopiga, weka kikaratasi pembeni. Usiku huo huo hamishia kila kitu sehemu mbili tofauti, simu zinaibiwa, laptopu zinakufa, na usingoje siku ya kuondoka ndo uanze kuuliza maswali maana mtu anayelijua boksi lako anaweza kuwa likizo.